MARY TUNAYE, MAMA FURAHA JE?

Wiki hii mitindo ya nywele tuiweke pembeni kidogo. Nataka tuiongelee Orodha, ile tamthiliya ya Steve Reynolds ya mwaka 2006 ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari kwa ajili ya mtihani tu. Furaha mhusika mkuu, Mary mshawishi, ukishaandika hivyo umepata alama zako, basi.

Kwa aliyesahau: Furaha ni binti wa kijijini. Shoga yake Mary anamwingiza kwenye starehe, pombe na wanaume. UKIMWI unampata, anakufa, lakini anaacha barua yenye orodha, isomwe siku ya mazishi yake. Wee! Wanaume matumbo moto, hadi wenye heshima zao. Kila mmoja anaamini jina lake limo.

Ukiwauliza mabinti wa huku kwetu, kuanzia Masasi mjini mpaka Newala juu, nani mbaya hapo, watakujibu Mary. Jamani, Mary mbona tunaye! Subiri msimu wa korosho, minada ianze mwezi wa 10 na wakulima walipwe. Jioni shoga anakuja na viatu vipya: "Twende bwana, unaogopa nini, mama hatajua." Wala hakutakii mabaya. Anakupenda kweli, na chipsi kakununulia. Mary angekuwa na pembe, nani angemfuata?

Mimi anayeninyima usingizi ni mama Furaha. Mwanao unamzika, maneno yameshasemwa weee, na mkononi una karatasi ambayo kijiji kizima kinaogopa. Kwa mama zetu wengi barua ile ingeishia mafigani, chai ikachemka. Aibu ya nyumbani haitolewi nje, si ndivyo tunavyoambiwa? Yule mama anataka isomwe, kwa sababu mwanawe ndivyo alivyoomba.

Na inaposomwa, hamna jina hata moja! Ni mambo ambayo yangeweza kumwokoa binti. Mara ya kwanza kufika hapo nilikasirika, nikaona wale wanaume wameponyoka bure. Hadi leo sijawasamehe. Hivi kwa nini darasani tulibishana kuhusu Mary wiki nzima, wao tukawapitia juu juu?

Dada mmoja wa Newala kanibishia. Anasema Furaha angechezwa unyago sawasawa, kungwi angemfunza, yasingemkuta. Shoga, mimi nimechezwa. Niliyofunzwa siyaandiki gazetini, bibi atanilaani. Kuheshimu wakubwa nilifunzwa, kukaa na mume nilifunzwa, kutunza siri ndiyo usiseme. Ila simkumbuki aliyeniambia, mwanangu, siku ukiteleza njoo kwangu kwanza, kabla hujaenda kwa shoga yako.

Wewe je, barua yako ungemwachia nani? Niandikie, jina lako nitalificha.