UKURASA WA WAZAZI: MAJIMAJI YAGEUKAYO KUWA MAGUMU

Wazazi wengi hutuuliza: mtoto aulizapo jambo tusilolijua, tumjibu nini? Twasema, msimnyamazishe. Mtoto akikemewa mara mbili tatu kwa kuuliza, mara ya nne haulizi, na mlango huo ukishafungwa ni taabu kuufungua. Afadhali mtazame pamoja. Mwezi huu twawaletea jambo la kutazama.

Twaeni vijiko vikubwa sita vya wanga wa mahindi, ule unga mweupe mlaini utumiwao kutilia uzito supu na kastadi. Unga wa ugali haufai. Tieni maji vijiko vitatu, kidogo kidogo, mkikoroga polepole. Kisha mtoto atie kidole taratibu: kitazama kama katika maziwa. Sasa apige kwa ghafula: atakuta pagumu. Akiufinyanga upesi kiganjani, utakuwa donge. Akiacha, utachuruzika vidoleni.

Sababu yake ni nini? Mwaka 1687 Isaac Newton, mwanachuoni wa Uingereza, alitoa kitabu alimoeleza jinsi vitu vya majimaji vinavyokinza mwendo. Maji huifuata kanuni yake: yakorogwe polepole au upesi, wepesi wao ni ule ule. Mchanganyiko huu hauifuati. Wanga hauyeyuki katika maji baridi, bali punje zake ndogo mno hutawanyika ndani yake. Zikisukumwa taratibu, maji hupita baina yake nazo huteleza. Zikipigwa ghafula, hazipati nafasi ya kupishana. Husongamana na kukwaruzana, zikasimama kama ukuta. Sosi ya tungule ni kinyume chake: hugoma chupani, na ikitikiswa huwa nyepesi.

Msiwe na haraka ya kumweleza mtoto haya yote. Kabla hajapiga, mwulizeni aonavyo kitatokea nini. Kisha aongeze maji kijiko kimoja kimoja, apige kila mara, ahesabu ni kijiko cha ngapi ugumu unatoweka. Hapo atajifunza kutosema neno kabla ya kulihakikisha, na faida hiyo yapita unga na bakuli.

Wala msifanye israfu. Msiumwage mferejini, kwani wanga hutuama ukaziba. Uongezeni maji mengi, mwuchemshe huku mkikoroga, muutumie kutilia kanzu za Ijumaa. Mtoto atakayeona unga ule ule umekuwa donge, ukawa maji, kisha ukanyoosha kanzu ya babaye, atakuja na maswali mengine. Msikilizeni.