Bomba Jipya Lioshwe Kabla ya Kutiwa Dawa

Mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa, lile jipya ambalo asubuhi limetoka dukani na jioni liko shambani. Watu wengi huuliza, "Kitu kipya kioshwe kwa nini? Uchafu umetoka wapi?" Nami nasema lioshwe, tena lijaribiwe kwa maji matupu, kabla halijaonja dawa.

Wazee wetu waliokwenda katika vita vya 1939 hadi 1945 pamoja na jeshi la KAR waliijua habari hii. Bunduki mpya ilitoka sandukuni imepakwa grisi nzito. Grisi ile iliwekwa kwa ajili ya safari, chuma kisishike kutu. Haikuwekwa kwa ajili ya kupiga. Askari alipitisha kitambaa mtutuni mpaka kikatoka kikavu, akautazama mtutu kwenye mwanga, ndipo akatia risasi. Mtutu ulioziba huweza kuvimba au kupasuka, na anayeumia ni yule aliyeushika.

Bomba nalo lina mambo hayo hayo, ila halina kishindo. Fungua kifuniko utazame ndani. Huenda ukaona nyuzi za plastiki zilizobaki kiwandani, vumbi la ghala, pengine mafuta kidogo. Vitu hivyo ni vidogo, lakini tundu la kupulizia ni dogo zaidi. Basi siku ya kwanza, katikati ya mahindi, dawa inakatika. Mkulima hufanya nini? Huifungua pua ya bomba, akaitia mdomoni, akapuliza. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na aliyefanya alikuwa mtu mwenye akili zake, ambaye asingekubali kulamba kijiko cha dawa ile hata kwa fedha.

Hatari nyingine iko mgongoni. Kifuniko hakikukaza, au mpira haukubanwa vizuri, na dawa inateremka ndani ya shati. Sumu hupita katika ngozi. Kama ni maji yaliyovuja, utacheka na kubadili shati.

Najua haraka inatoka wapi. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, nyumba nyingi ambazo hazikuwa na bomba zimenunua. Kiwavi akishakua na kujificha ndani ya moyo wa mhindi, dawa haimfikii vizuri, kwa hiyo mtu hataki kupoteza hata jioni moja. Lakini kazi hii haimalizi nusu saa. Tia maji na sabuni kidogo, tikisa, mwaga. Suuza mara mbili. Toa pua na chujio, yaoshe peke yake, uache maji yapite katika mpira mpaka yatoke safi. Kisha rudisha kila kitu mahali pake, tia maji, piga pampu, livae, utembee ukinyunyizia ardhi kavu. Ardhi itakuonyesha kama maji yanatoka sawasawa au yanaruka mahali. Tena pima maji yaliyotumika katika kipande hicho, nawe utajua shamba zima litataka mabomba mangapi. Mkulima asiyejua hesabu hiyo huchanganya dawa kwa kukisia.

Hoja ya maji siidharau. Huko Karachuonyo na Lambwe wakati wa kiangazi, debe moja limebebwa kichwani kutoka mbali. Lakini maji safi yatakayobaki baada ya jaribio yasimwagwe. Hayo hayo ndiyo ya kuchanganyia dawa.

Wengine husema kiwandani walikwisha kulijaribu. Pengine ni kweli. Lakini tangu hapo limesafiri, limefunguliwa dukani, na pengine limekaa nje kama mfano kwa wanunuzi. Na mara nyingine bomba tunaloliita jipya limelala usiku mmoja kwa jirani. Ukikosa kuuliza alitia nini, waweza kuyanyunyizia mahindi yako dawa ya magugu iliyobaki ndani, na kuyaunguza wewe mwenyewe. Mimi ningependa kila nyumba inayoweza iwe na mabomba mawili, na lile la magugu lipakwe rangi nyekundu, lisikaribie mboga wala ng'ombe.