MOTA "ILIYOKUFA" GANGILONGA YAIBUKIA KIHESA IKIPIGA KAZI! MABOSI WA IRINGA, MNAJILIZA WENYEWE

IRINGA: Ubuyu unaotembea mjini hapa tangu mvua zikatike unamhusu bosi mmoja wa mbao, mwenye mjengo wake Gangilonga na geti la kuslaidi la rimoti. Akifika hapigi hata honi. Anabonyeza tu, geti linajisogeza lenyewe, majirani wanachungulia. Jina lake libaki kapuni, wanaomjua washamjua.

Sasa wiki moja ya Machi radi zilipiga mfululizo, na asubuhi geti likagoma. Mlinzi akamwita fundi kijana wa hapa hapa mjini, mwenye kibanda chake Mlandege. Kijana akaja na begi lake, akachukua ufunguo wa mota, akailegeza, akalisukuma geti kwa mkono. Likaenda laini. Akafungua mfuniko, akakuta mjusi kafiri amekaukia juu ya bodi na pembeni yake pameungua.

"Shikamoo mzee. Mota yako ni nzima. Iliyoungua ni bodi, tena sehemu tu. Nipe elfu 85 na siku mbili, nitakuletea inafanya kazi."

Bosi akacheka. "Dogo, hii siyo redio."

Akapiga simu Dar es Salaam, kilomita kama 500 kutoka hapa, akaletewa mtaalamu mwenye fulana ya nembo na kompyuta mkononi. Huyu hakusukuma geti. Hakufungua mfuniko. Ndani ya dakika kumi hukumu ikatoka: "Mkuu, hii imekufa. Inatakiwa mpya." Shilingi milioni 2.4, usafiri na hoteli juu ya bosi. Bosi akalipa bila kupepesa macho, na mtaalamu akaondoka na ile ya zamani, eti akaitupe.

Haikutupwa! Mwezi wa sita mlinzi wa bosi alienda kumsalimia shemeji yake anayelinda hosteli moja ya wanafunzi Kihesa. Akiwa anasubiri nje, geti likafunguka, na macho yake yakagonga mota yenye mchubuko wa rangi ya bluu ubavuni, ule ule uliosababishwa na tela la bosi mwaka juzi. Kuuliza, akaambiwa mama mwenye hosteli kanunua kwa laki sita kutoka kwa fundi mmoja wa Mlandege. Naam, kijana yule yule. Mtaalamu wa Dar alimuuzia kwa laki mbili kabla hajapanda gari kurudi, kijana akaitengeneza bodi kama alivyosema tangu mwanzo, na mota "iliyokufa" sasa inafungua na kufunga geti la Kihesa kutwa nzima.

MJI MZIMA UNASEMA "MAFUNDI WEZI"

Ubuyu ulipofika vijiwe vya Miyomboni, watu wote wakaimba wimbo mmoja: mafundi wezi, mafundi hawana dini. Hapo ndipo pa kubishana. Mtaalamu wa Dar alidanganya, hilo halina utetezi. Lakini katika geti lile walikuja mafundi wawili, na mmoja alisema ukweli mtupu, akatoa bei na muda. Nani alimfukuza msema kweli? Siyo fundi. Ni bosi mwenyewe, tena kwa kicheko.

Ukweli usiosemwa ni huu: Iringa inalipa spea, hailipi ukweli. Fundi akija akatumia saa nzima kupima, kisha akasema "bosi, ni betri ya rimoti tu, nenda dukani", atapewa elfu tano ya soda na asante nyingi. Nauli yake ya bodaboda imeliwa, muda wake umeliwa, na ujuzi wake umechukuliwa bure. Fundi mwingine akisema "mota imekufa", anapata faida ya mota, hela ya kufunga, na chuma cha zamani cha kuuza. Halafu mtu anashangaa kwa nini mota zinakufa sana Gangilonga na Wilolesi! Zinakufa kwa sababu kifo chake kina malipo na uzima wake hauna.

Na mabosi hawa hawa siyo kwamba hawajui kubana hela. Yule anayelipa milioni 2.4 kimya kimya ndiye anayebishana na mama wa Soko Kuu kwa fungu la nyanya mpaka mama wa watu anaona aibu. Ndiye anayemwambia dada wa kazi mambo ni magumu, avumilie. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Piga hesabu: geti moja la bosi ni miezi 40 ya mshahara huo. Kwa hiyo ubishi anaujua. Ila kwenye geti anaona aibu, kwa sababu geti ni sifa, na mwenye sifa haulizi bei.

Gangilonga, kwa Kihehe, ni jiwe linaloongea. Jiwe linaongea miaka yote hiyo, waliojenga chini yake wameshindwa kufungua mdomo kuuliza swali moja tu: imekufa kitu gani?

STAA WA WILOLESI NA MOTA MBILI

Kuna dada mwingine, staa wa mitandaoni, aliyerusha video ya geti lake la Wilolesi likifunguka huku muziki unapigwa. Baada ya miezi michache geti likaanza kunguruma bila kwenda. Akaambiwa mota ni ndogo, anunue kubwa zaidi. Akanunua. Kubwa nayo ikavuta wiki kadhaa, ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Akarudi mtandaoni kulalamika kwamba kauziwa feki.

Haikuwa feki. Magurudumu ya geti lake yalikuwa yamekufa beringi, na reli imejaa tope la mvua lililokauka kama saruji. Mtu mzima akilisukuma geti lile kwa mkono anatokwa jasho, sembuse mota. Kila mota imeandikwa uzito wa geti inaloweza kuvuta, na uzito huo unahesabiwa geti likiwa linateleza vizuri. Geti bovu linakula mota yoyote, ndogo kwa kubwa. Dada alinunua mota mbili kutibu ugonjwa wa magurudumu, ambayo mchomeleaji yeyote mzuri wa hapa mjini angeyabadilisha asubuhi, mchana akaenda kula.

Ndiyo maana yule kijana wa Mlandege alianza kwa kusukuma. Ukishailegeza mota kwa ufunguo wake, geti linatakiwa liende kwa mkono mmoja. Likiwa zito, ugonjwa uko kwenye geti. Likiwa jepesi, ndipo uingie ndani ya mota. Na huko ndani nako siyo kitu kimoja. Mota inayotumia umeme wa moja kwa moja ikinguruma bila kuzunguka, mara nyingi kapasita imechoka. Geti likifanya kazi umeme ukiwepo na kugoma ukikatika, shuku betri ndogo ya volti 12, ya aina ile ile inayokaa kwenye ving'ora, ambayo nayo ina umri wake wa kuishi. Likifika katikati na kurudi, tazama macho ya usalama kama hayana utando wa buibui, au reli kama haina jiwe. Rimoti ikikubali ukiwa karibu tu, anza na betri ya rimoti. Vyote hivi ni vitu vidogo vilivyomo ndani ya kile wanachokiita "mota imekufa".

MAMA ALIYEFUNGIWA NA MAPENZI YA MWANAE

Mkasa wa tatu hauchekeshi. Msanii mmoja mzaliwa wa Iringa, anayeishi Dar, alimjengea mama yake nyumba Mwangata na kumwekea geti la rimoti. Mapenzi hayo, Mungu ambariki. Lakini betri ilipochoka, fundi wake akamwambia mfumo mzima ubadilishwe, bei ikawa ya kutisha, na msanii akaamua asubiri shoo ijayo. Akasubiri miezi. Usiku mmoja umeme ukakatika, mama presha ikapanda, majirani wakaja na gari kumpeleka hospitali. Geti halifunguki! Ufunguo wa kulegeza mota uko Dar, kwenye droo ya mwanae. Mama akapitishwa juu ya ukuta kwa ngazi ya mjenzi, na khanga yake imefungwa kiunoni kama anaenda kulima.

Alifika salama na yuko hai. Lakini ona kilichotaka kumuua: betri ndogo iliyobatizwa jina la "mfumo mzima", na ufunguo ambao hakuna aliyemwambia mama kwamba upo. Bei ya uongo haiishii mfukoni. Inamfanya mtu aahirishe tengenezo dogo kwa kuogopa gharama kubwa isiyokuwepo, na geti linabaki gereza.

"LAKINI MPYA INA WARANTI"

Watetezi wa kununua mpya wana hoja zao, na zisikilizwe. Wanasema bosi hana muda wa kusubiri siku mbili geti likiwa wazi, na kifaa kipya kinakuja na waranti. Wanasema pia bodi iliyotengenezwa inaweza kuungua tena mvua zijazo.

Kweli, kuna mota za kuzika. Kama maji yameingia mpaka kwenye koili, gia zimesagika na spea zake hazipatikani tena hata Kariakoo, au matengenezo yanakaribia nusu ya bei ya mpya, nunua mpya na ulale. Hakuna ubishi hapo. Lakini siku mbili za bosi kusubiri zina suluhisho tangu enzi: mota imelegezwa, mlinzi anasukuma kwa mkono, komeo linafungwa usiku. Mlinzi yupo, na analipwa.

Kuhusu waranti, bosi wa Gangilonga aulizwe karatasi yake iko wapi. Hana. Alipewa neno la mdomo, na risiti hakudai, ingawa kila siku anasikia ule wito wa TRA: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Waranti isiyo na karatasi ni salamu tu. Na kuhusu kuungua tena, mpya nayo itaungua vile vile! Iringa msimu wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, radi hazina adabu, na umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo hauchagui mota ya elfu 85 wala ya milioni 2.4. Kinachosaidia ni kizuia mshtuko wa umeme, waya wa kwenda ardhini uliofungwa vizuri, na tundu za kasha kuzibwa mjusi asipate mlango. Mtaalamu wa Dar hakufunga hata kimoja. Mota mpya ya bosi inasubiri radi yake.

MLIPENI MSEMA KWELI

Kwa hiyo kelele za "mafundi wezi" zipungue, mfuko wa ukweli uongezwe. Fundi akiitwa, alipwe hela ya kukagua, ijulikane kabla hajaondoka kwake, na alipwe hata kama ugonjwa ni betri ya rimoti. Hiyo ndiyo hela rahisi kuliko zote ambazo mwenye geti atawahi kutoa. Akitaja bei kabla hajalisukuma geti kwa mkono, ashukuriwe na aoneshwe njia. Akisema kitu kimekufa, akitaje kwa jina, na maiti ibaki nyumbani. Mota ya zamani ni mali ya mwenye nyumba, hata kama ni chuma chakavu, na ikibaki kwake hakuna wa kuifufulia Kihesa.

Na ufunguo wa kulegeza mota ukae ndani ya nyumba, mahali anapopajua kila anayelala humo, kuanzia bibi mpaka dada wa kazi. Hilo halina gharama hata ya shilingi.

Bosi wa mbao yeye bado hajaambiwa. Mlinzi wake anasema hathubutu, maana mzee hapendi kusikia habari za hasara. Lakini kijana wa Mlandege anasema siku bosi akipita Kihesa atalitambua geti lile kwa sauti tu, kwa kuwa ndilo alilokuwa akijisifia nalo.

Mdau, wewe geti lako, mlango wako, friji yako, ilikufa kweli au iliuawa kwa maneno? Na fundi aliyekwambia ukweli ulimlipa shilingi ngapi? Tiririka hapo chini, ila majina ya watu weka kapuni.