Wenye boti, zimeni injini!

Wadau wa soka, leo naomba nitoke nje ya uwanja kidogo. Kule Montauk, New York, Septemba ikifika wavuvi wa burudani humsaka false albacore, samaki wa jamii ya jodari. Nyama yake wengi hawaitaki. Wanapenda mbio zake tu, kisha wanamrudisha majini.

Shida ni wenye boti. Kundi likiibuka kula visamaki, wanalivamia na injini, linazama. Mvuvi wa ufukweni, aliyesubiri tangu alfajiri kama straika anayengoja krosi, anatoka kapa. Wa kayaki anasogea kimya, kundi halishtuki.

Kwangu huyo ndiye fundi. Mwenye boti naye azime injini mbali, arushe chambo pembeni. Bahari si ya mwenye injini kubwa peke yake!