Bastola ya ruhusa Kikula: asiyejizoeza anamhatarisha jirani

Kikula ni komini ya watu wengi. Nyumba zinabanana, na mlango ukigongwa usiku, nyumba ya tatu wanasikia. Mfanyabiashara wa pale anayelala na bastola karibu na kitanda aliitafuta kusudi apate amani. Mara nyingi anapata woga wa pili: anaogopa wezi, tena anaogopa silaha yake mwenyewe.

Woga huo si wa kuchekwa. Asiyeogopa bastola hata kidogo ndiye wa kukimbiwa. Shida inaanza pale mwenye silaha anapoifungia kabatini mwaka mzima, akitumaini kwamba siku wezi wakiruka ukuta mkono utajua wenyewe la kufanya. Mkono haujui. Moyo ukipiga mbio, vidole vinakuwa vizito, macho yanaona kitu kimoja tu, na mtu anafanya lile alilolizoea. Kama hakuzoea kitu, anafyatua ovyo.

Hesabu yake ni rahisi. Bastola ni fupi. Kati ya alama ya nyuma na ya mbele kuna karibu sentimita 15 tu. Alama ya mbele ikihama milimita 1, risasi inakosa kwa karibu sentimita 7 kwenye umbali wa mita 10. Kidole chenye woga kikivuta kwa nguvu, alama inaweza kuhama milimita 5, na risasi inapita zaidi ya sentimita 30 pembeni. Kikula, pembeni ni dirisha la jirani na watoto wake waliolala. Bati na mlango wa mbao havizuii risasi.

Dawa inajulikana, na sehemu kubwa yake haihitaji risasi hata moja. Risasi zote zinatolewa na kupelekwa chumba kingine, bastola inakaguliwa kwa macho na kwa kidole mara mbili, halafu inaelekezwa kwenye gunia la mchanga, kamwe si kwenye ukuta ambao nyuma yake kuna watu. Hapo mtu anavuta polepole, akiangalia kama alama ya mbele inatikisika. Dakika 10, mara kadhaa kwa juma, zinafaa kuliko kupiga risasi 50 siku moja kwa mwaka. Kidole kinakaa nje ya kifyatulio mpaka uamuzi umekwisha kufanyika, na kila bastola inahesabiwa kuwa na risasi. Baada ya hapo ndipo risasi za kweli, mahali penye ruhusa na mbele ya mwalimu, kwa sababu kishindo ndicho kinachomfanya mgeni afumbe macho kabla ya kupiga.

Likasi yenyewe iliona nguvu ya mazoezi. Septemba 1961, mji ukiitwa bado Jadotville, askari karibu 155 wa Ireland, waliotumwa na Umoja wa Mataifa na wasiokuwa wamewahi kupigana vita, walizungukwa hapa na wapiganaji wa Katanga waliowazidi sana kwa hesabu. Walishikilia siku tano. Walijisalimisha walipoishiwa, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekufa katika mapigano hayo. Kamanda wao, Pat Quinlan, alikuwa amewachimbisha mahandaki mapema.

Mfano wa raia uko Nairobi. Tarehe 21 Septemba 2013, duka kubwa la Westgate liliposhambuliwa, Abdul Haji, mfanyabiashara mwenye bastola ya ruhusa, aliingia kumtafuta ndugu yake, akasaidia kutoa watu pamoja na polisi waliovaa kiraia na raia wengine wenye silaha. Watu 67, bila kuhesabu washambuliaji, waliuawa. Na siku hiyo hiyo kamanda wa kikosi maalum cha polisi aliuawa kwa risasi ya wanajeshi wa upande wake. Hata waliofundishwa wanakosea. Asiyefundishwa atafanya nini gizani?

Nchini Kongo, silaha zinaongozwa na sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985: raia hashiki bunduki bila ruhusa ya serikali. Ni vizuri, na isilegezwe. Lakini karatasi haifundishi mkono. Kwa polisi, kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinataka kila anayebeba silaha afundishwe na kupimwa kwanza. Hakuna sababu ya kumdai raia kidogo kuliko polisi, tena raia hana mkubwa wa kumsimamia.

Wako watakaosema kwamba kumfundisha raia kulenga ni kumfundisha kuua. Ni kinyume. Anayeiamini mikono yake anaweza kungoja, kuita, kuwasha taa na kutambua kwamba kivuli kile ni kijana wa nyumba anayerudi kwa kuchelewa. Mwenye woga hangoji.

Kwa hiyo mamlaka za Haut-Katanga zifungue, chini ya uangalizi wa polisi ao jeshi, siku maalum za mazoezi kwa wenye ruhusa wa Likasi, mbali na makao ya watu, kwa gharama ya wenye silaha wenyewe. Ruhusa isirudishwe upya bila jaribio. Na mwenye silaha ambaye uzee, ugonjwa ao pombe vimemtetemesha mikono aikabidhi kwa polisi, apewe karatasi ya kuthibitisha, kisha anunue kufuli imara na taa ya uwanja.