Kona ya Familia: Bomba la moshi likishika moto, nani anamshika nani?

Mwezi huu kona yetu inazungumzia moto wa nyumbani, hasa ule unaoanzia ndani ya bomba la moshi la jiko. Wengi tunaujua moto wa koroboi na moto wa mtoto aliyechezea kiberiti. Huu wa bomba wengine hawaujui, na unapokuja unakuja na haraka zake.

Nitawasimulia habari ya familia moja ya hapa kambini. Majina nayaacha, kwa sababu wameomba iwe hivyo, lakini wamekubali habari yao iwasaidie wengine. Wako watu 7: baba, mama, bibi mzaa baba ambaye anatembea kwa fimbo, binti wa miaka 14, kijana wa miaka 11, mtoto wa miaka 4 na mchanga wa mgongoni.

Jiko lao ni la udongo, lenye matundu mawili ya sufuria. Bomba wamelitengeneza wenyewe kwa makopo ya mafuta ya mgao, yaliyokatwa, yakakunjwa na kuunganishwa mpaka juu ya paa. Jikoni na nyumba vinashikana, paa ni moja, la nyasi. Ni nyumba kama za wengi wetu.

Ilikuwa jioni ya kiangazi. Maharage yalikuwa jikoni, binti akichochea kuni ili yaive kabla ya giza. Akasikia bomba linanguruma, kwanza kama pikipiki iliyo mbali, halafu kama upepo mkubwa umeingia ndani ya kopo. Akatazama: bomba limekuwa jekundu katikati. Akatoka mlangoni, akaona cheche zinaruka juu ya paa. Hakusubiri kumwita mama aje aangalie. Alipiga kelele mara moja: “Moto! Mutoke! Mutoke bote!”

Sasa angalieni kilichofuata. Mama alikuwa na mchanga mgongoni, akatoka naye. Kijana wa miaka 11 hakukimbilia nje peke yake. Aliingia chumbani kwa bibi, akampa fimbo mkono mmoja, mkono wa pili akamshika yeye, wakatoka taratibu lakini bila kusimama. Baba alikuwa nyuma ya nyumba anatengeneza baiskeli. Akapiga kelele kuita majirani na sungusungu, akaja mbio. Wote wakaenda chini ya mwembe ulio mbele ya nyumba, ng'ambo ya njia. Hapo baba akahesabu. Watu 6.

Aliyekosekana ni yule wa miaka 4. Huyo ni wa dada yake, yaani kwa mpango wa nyumba ile dada ndiye anayemshika. Dada alikuwa amemtafuta uani, mahali alipomwacha anacheza, hakumkuta. Baba akamuuliza: “Mudogo wako iko wapi?” Binti akafikiri kidogo tu, akajibu kwamba mtoto yule akisikia watu wanapiga kelele anajificha chini ya kitanda, anadhani amekosa na atachapwa. Moto ulikuwa bado uko upande wa jikoni, chumba cha mbele kilikuwa na moshi wa juu tu na mlango uko wazi. Baba akaingia akitambaa, akapapasa chini ya kitanda, akamtoa kwa mguu. Analia, lakini mzima.

Wazazi, hapa tusimame kidogo. Watoto wadogo wanapoogopa moto mara nyingi hawakimbii nje, wanajificha: chini ya kitanda, nyuma ya magunia, ndani ya nguo. Mtoto aliyejificha anaweza asiitike hata ukimwita jina. Kwa hiyo wafundisheni mapema kwamba siku ya moto hakuna anayechapwa, hata kama ni yeye aliyeuwasha. Na kila mkubwa ajue mdogo wake anapenda kujificha wapi. Binti yule alijua, na kujua kwake kuliokoa muda ambao baba angeutumia kupapasa chumba kizima.

Lakini msije mkasema mwalimu ametuambia tuingie ndani ya moto. Kama paa la juu yako limeshashika, usiingie. Nyasi zinazowaka zinadondoka zote kwa pamoja, na plastiki ya turubai inayeyuka inakudondokea mwilini huku inawaka. Moshi wenyewe unaangusha mtu kabla moto haujamfikia. Simama nje, waeleze wanaokuja kusaidia mtu amebaki chumba gani.

Baada ya mtoto kutoka, mama akakumbuka kadi ya mgao. Ilikuwa ndani, kwenye sanduku. Akataka kurudi. Tunajua wote kadi ni nini hapa kambini: ndiyo unga, ndiyo maharage, ndiyo mafuta ya watu 7. Bibi akamshika kitenge akamwambia: “Kadi batakuandikia ingine. Weye, nani atakuandika tena?” Mama akabaki.

Baada ya watu wote kuhesabiwa, ndipo baba akageukia moto. Majirani walikuwa wamefika na madumu ya maji, na mmoja ameshapanda juu ya ndoo anataka kumwaga maji ndani ya bomba. Baba akamzuia. Alifanya vizuri. Bomba likiwa jekundu, maji yakiingia yanageuka mvuke mara moja, na mvuke huo unarudi usoni kwa mwenye kumwaga. Pia bati linapasuka, na moto unapata mlango mpya wa kutokea kwenye nyasi.

Alichofanya ni hiki. Alichukua jembe, akavuta kuni na makaa yote nje ya jiko, yakafukiwa kwa mchanga uani. Kisha akachukua udongo wa majimaji, akaziba mdomo wa jiko na matundu yote mawili. Moto unahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto na hewa. Ukizuia hewa ya chini, moto wa ndani ya bomba unapungua nguvu. Ngurumo ile ikaanza kushuka.

Wakati huohuo vijana walikuwa wanashughulika na paa. Walitumia majembe na miti mirefu, wakavuta nyasi zote zinazozunguka bomba na kuziburuta mbali na nyumba. Wengine walimwaga maji kwenye nyasi zilizobaki, na kwenye paa la jirani upande ule upepo unakoelekea. Maji yao machache waliyapeleka mahali penye kazi: kwenye nyasi ambazo bado hazijashika. Jikoni pakabaki tundu kubwa kama mkeka. Nyumba ikapona, na za jirani pia.

Jirani mmoja alishika bomba kwa mkono akaungua. Mtu akaja na dawa ya meno, mwingine mafuta ya kula. Mama akakataa vyote, akamwagia mkono maji safi ya baridi kidogo kidogo kwa dakika 20, akaufunika kwa kitambaa kisafi, akampeleka kwenye zahanati. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Dawa ya meno, mafuta, yai au udongo vinashikilia joto au vinaleta uchafu kwenye kidonda. Malengelenge yasipasuliwe.

Usiku ule hawakulala wote. Walibadilishana zamu kuangalia paa, kwa sababu cheche inaweza kulala ndani ya nyasi saa nyingi halafu ikaamka watu wamelala.

Je, moto huu ulitoka wapi? Kuni zikiwa mbichi au zimenyeshewa haziungui vizuri, zinatoa moshi mzito. Moshi huo ukipanda kwenye bomba unapoa, unaacha masizi na kitu cheusi chenye kunata kama lami. Msimu wote wa mvua tunapika na kuni za majimaji kwa sababu ndizo zilizopo, na lami ile inaongezeka ukutani mwa bomba. Kiangazi zinakuja kuni kavu, moto unakuwa mkali, ulimi wa moto unafika juu, lami inashika. Hapo bomba lenyewe linakuwa jiko. Joto lake linaweza kupita digrii 1,000, na nyasi zilizo karibu haziwezi kuvumilia hilo.

Kinga yake haina gharama. Angalau mara moja kwa mwezi, jiko likiwa limepoa kabisa, funga kichaka cha majani magumu kwenye mti mrefu au kamba, usugue bomba toka juu hadi chini. Masizi yakifika unene wa milimita 3 usingoje mwezi uishe. Nyasi za paa zisiguse bomba. Acha nafasi ya kama dhiraa moja kila upande, toka kiwiko hadi ncha ya vidole, uzibe kwa bati au udongo. Kuni zianikwe kabla ya kutumiwa, lakini zisipangwe juu ya jiko. Baada ya moto kama huo, usiwashe jiko lile mpaka bomba limekaguliwa kipande kwa kipande, maana viungio vinakuwa vimeachia.

Mtauliza, kwa nini tuhangaike na bomba moja? Mwongozo wa Sphere, unaofuatwa katika kupanga kambi, unasema nyumba na nyumba ziachane angalau mita 2, na kila mita 300 za makazi pawe na uwazi wa mita 30 wa kuzuia moto. Sisi wenyewe tunajua jinsi tunavyoongeza kajiko hapa, kabanda pale, mpaka nafasi ile inakwisha. Tarehe 22 Machi 2021, huko Bangladesh, moto uliingia kwenye kambi za wakimbizi Warohingya za Kutupalong na Balukhali. Watu wapatao 45,000 walibaki bila makazi, na watu wasiopungua 11 walikufa. Waliokimbia walisema nyua za waya ziliwazuia kutoka haraka. Wale ni wakimbizi kama sisi, na nyumba zao zilikuwa za mianzi na turubai.

Turudi kwa familia yetu. Nilipowatembelea nilimuuliza baba: nani aliwafundisha kupangana namna ile? Kijana wake wa miaka 11 ninamfundisha, na darasani si mwepesi sana wa kunyamaza na kufuata maagizo. Baba akacheka, akamwonyesha bibi. Akasema mwaka 1996, walipokimbia vita Kivu ya Kusini, yeye akiwa mtoto, bibi aliwahesabu watoto wake ufukweni mwa Tanganyika kabla ya kupanda mtumbwi, akakuta mmoja hayupo. Akakataa kupanda mpaka amepatikana. Alikuwa ametangulia na watu wengine, akaonekana. Toka siku ile bibi akaweka sheria ya nyumba: kila mkubwa ana mtu wake wa kumshika, na hakuna safari inayoanza bila kuhesabu. Wakifika hapa kambini sheria ikabaki. Mtoto mpya akizaliwa, wanakaa chini wanagawana upya.

Kwa hiyo ndugu zangu, wepesi wa familia ile haukuwa wa miguu. Bibi yule hawezi kukimbia hatua tano. Walikuwa wepesi kwa sababu hakuna aliyesimama kujiuliza afanye nini. Jambo lenyewe waliliamua zamani, siku ya amani, wamekaa kwenye mkeka.

KAZI YA NYUMBANI YA MWEZI HUU

Leo jioni baada ya kula, familia ikae pamoja dakika kumi tu, ijibu maswali haya:

1. Katika nyumba yetu nani anamshika nani? Wazee, wagonjwa, wasioona na watoto wachanga watajwe kwanza. Kama mkubwa mmoja hayupo, nani anachukua nafasi yake?

2. Tukitoka tunakutana wapi? Chagueni mti au mahali ambapo hata wa miaka 3 anapajua.

3. Nani anahesabu, na sisi ni wangapi? Wageni waliolala kwetu nao wahesabiwe.

4. Kadi ya mgao na karatasi zetu ziko wapi? Zitieni kwenye mfuko wa plastiki, uning'inizwe karibu na mlango, mtu auchukue akiwa anatoka. Akiusahau, basi umesahaulika, harudi.

5. Dumu la maji na ndoo ya mchanga viko wapi usiku?

Halafu mfanye zoezi. Mmoja apige kelele ya moto, wengine watoke, mhesabiane chini ya mti. Watoto watacheka na kukimbizana, waacheni wacheke. Rudieni wakati wa giza pia. Waambieni majirani kabla, msije mkaamsha kijiji kizima bure.

Nyumba ambazo bibi au babu bado yuko, muulizeni alifanyaje siku ya kukimbia. Wazee wetu wanajua mambo mengi ya kuokoa watu, ila hatuwaulizi.

Majibu ya swali la tatu yaleteni shuleni kupitia watoto. Nitayasoma yote. Tukutane mwezi ujao, tukijaliwa.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea,
Kona ya Familia