Leseni ya Redio Iwe Ngazi, Isiwe Ukuta

Makamanda, leo tutoke kidogo kwenye kura na majimbo, tuongee redio. Si redio ya muziki na matangazo. Naongelea redio ya ridhaa: mtu anafunga mtambo na antena yake nyumbani, anaongea na mwenzake wa Kigoma au Brazili bila bando, bila mnara wa simu, na bila kulipwa senti. Kwenye masafa hayo, alama ya Tanzania inayojulikana dunia nzima ni 5H. Sasa jiulize, mtaani kwenu ni kijana gani anayo?

Leseni hizi hutolewa kwa madaraja, kama za udereva. Mwenye bodaboda hatahiniwi kuendesha basi la mkoani. Anaanza na chombo kidogo, akikomaa anapanda. Madaraja yakipangwa vizuri ni ngazi. Yakipangwa vibaya ni ukuta, na anayeuruka ni mtoto wa mwenye nazo tu.

Wenzetu wamejifunza. Marekani walikuwa na madaraja sita, mwaka 2000 wakabakiza matatu. Mwaka 2007 wakafuta kabisa mtihani wa Morse. Maswali yote ya mtihani yako hadharani, wasimamizi ni wanaredio wa kujitolea, na hakuna umri wa chini. Mtihani wa daraja la kwanza una maswali 35, ukipata 26 umefaulu. Uingereza walianzisha daraja la msingi mwaka 2002, kwa nguvu ya wati 10 tu. Ujerumani nao wameongeza daraja la wanaoanza mwaka 2024. Hakuna dola iliyoanguka.

Najua jibu la wazee wa mfumo: "Usalama wa taifa." Hebu tusidanganyane. Kanuni za kimataifa zinakataza kuficha maana ya mazungumzo kwenye masafa haya. Unataja alama yako, na yeyote mwenye kipokezi anakusikia. Mtu mwenye nia mbaya atafuata nini huko? Leseni ndiyo inayomfanya mrushaji ajulikane. Ukimfungia mlango kijana mwenye kiu ya kujifunza, hujalinda taifa, umelinyima fundi.

Na sisi tusijidanganye: redio hii si ya kampeni, hata za chama chetu. Ni ya kujifunza, kufanya majaribio na kuokoana. Desemba 3, 2023 tope la Mlima Hanang liliifunika Katesh, tukazika ndugu zetu zaidi ya 80. Kanuni hizohizo za kimataifa, tangu mwaka 2003, zinazihimiza nchi ziwaandae wanaredio wa ridhaa kwa siku kama ile. Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima, na wote tunakumbuka kukaa gizani bila kujua nani kafika nyumbani. Taifa linalotegemea waya mmoja wenye swichi mkononi mwa mkubwa mmoja ni taifa tete.

Kwa hiyo TCRA tunawadai mambo manne. Moja, daraja la kuanzia lenye nguvu ndogo, lililo wazi kwa mwanafunzi wa sekondari. Mbili, mtihani kwa Kiswahili, kwa sababu shoti ya umeme haichagui lugha. Tatu, maswali yote yachapishwe na mtihani ufanyike kila mkoa, si Dar pekee. Nne, ada ya daraja hilo imudu mfuko wa mtoto wa mama lishe, na ombi lijibiwe ndani ya siku zilizoandikwa kwenye kanuni.

Masafa ni mali ya umma kama ziwa na mlima. Hatuombi upendeleo. Tunataka ngazi iwekwe chini, pale miguu yetu ilipo.

Andika madai haya manne, mpelekee mbunge wako, hata kama hukumchagua. Mapambano yanaendelea.